Steringi Asiyejua Kuimba

Mji mdogo wa mbao, barabara moja ya vumbi. Milango imeshafungwa, watu wamejibanza pembeni. Upande mmoja amesimama Slip Morgan, muuaji wa kukodiwa, mikono yake haiko mbali na bastola. Upande wa pili anakuja kijana mrefu wa mabega mapana na kofia kubwa, anatembea polepole katikati ya barabara, na anaimba. Si wimbo wa mapenzi wala wa kuchunga ng'ombe. Ni wimbo wa mauti, unaotangaza damu itakayomwagika na mtu atakayekuwa maiti kabla usiku haujaingia. Sauti ni nzito na imetulia. Shida ni kwamba haina undugu wowote na mdomo unaotamka. Mtazamaji aliyekulia kwenye filamu za Kihindi, anayejua vizuri kwamba mwigizaji anachezesha midomo na mwimbaji yuko studio, atagundua mara moja kuwa hapa kazi imelipuliwa.

Kisha wimbo unakoma, bastola zinalia, na Morgan anabaki hai ila mikono yote miwili imepigwa risasi. Hatashika silaha tena.

Filamu hiyo ni Riders of Destiny. Ilitolewa Oktoba 1933 na kampuni ndogo ya Monogram, ina dakika 53 hivi, na steringi wake alikuwa na umri wa miaka 26. Jina lake John Wayne. Wakati huo alikuwa ameshacheza filamu chungu nzima, ameshaitwa nyota na ameshavuliwa unyota, na sasa yuko hapa, anachezesha midomo kwa sauti ya mtu mwingine katika filamu ambayo wahakiki wa magazeti makubwa hawakuwa na habari nayo. Vitabu vingi husema John Wayne tunayemjua alizaliwa mwaka 1939 katika Stagecoach ya John Ford. Mimi sikubaliani. Stagecoach ilimtangaza. Aliundwa miaka sita kabla ya hapo, katika picha za bei poa kama hii, na ukiitazama vizuri unaweza kuona viungo vyake vikiunganishwa mbele ya macho yako: kimoja kinakubali, kingine kinakataa na kutupwa.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Marion Robert Morrison. Alizaliwa tarehe 26 Mei 1907 katika mji wa Winterset, jimbo la Iowa. Baba yake, Clyde, alikuwa mfamasia mwenye matatizo ya mapafu, na daktari alimshauri atafute hewa kavu. Mwaka 1914 familia ikahamia California, kwenye bonde kame la Antelope, kaskazini mwa Los Angeles, ukingoni mwa jangwa la Mojave. Mzee Clyde akajaribu kilimo. Mvua haikumhurumia, na kilichoota kiliishia matumboni mwa sungura. Mwanawe akawa anakwenda shule Lancaster kwa farasi, maili kadhaa kwenda na kurudi. Kwa hiyo watu wanaodhani Wayne alijifunza kupanda farasi kwa ajili ya kamera wamekosea, ingawa yeye mwenyewe hakupenda sana wanyama hao na aliwachukulia kama vyombo vya kazi. Baada ya miaka miwili shamba likawashinda, wakahamia Glendale, na huko ndiko alikopata jina la Duke. Lilikuwa jina la mbwa wake. Wazima moto waliokuwa wakimwona kijana akipita na mbwa huyo mkubwa kila siku wakaanza kumwita naye hivyo hivyo, na jina likamganda mpaka kufa.

Akaenda Chuo Kikuu cha Southern California kwa udhamini wa mpira wa Kimarekani. Akaumia bega akicheza na mawimbi baharini, udhamini ukakatika. Kocha wake alikuwa na mazoea ya kumpatia Tom Mix, nyota mkubwa wa makauboi wa filamu bubu, tiketi za mechi, na Mix naye huwatafutia wachezaji vibarua katika studio ya Fox. Hivyo ndivyo Morrison alivyoingia Hollywood: mbeba samani. Kazi yake ilikuwa kupanga viti, meza na taa kwenye seti kabla ya waigizaji hawajafika. Huko ndiko alikojuana na John Ford, na huko ndiko mwongozaji Raoul Walsh alikomwona, akavutiwa na umbo lake, akaamua kumjaribu.

Jaribio lenyewe halikuwa dogo. Mwaka 1930 Fox walikuwa wanatengeneza The Big Trail, filamu ya msafara wa walowezi kuelekea magharibi, kwa zaidi ya dola milioni moja. Walisafiri majimbo kadhaa na mamia ya watu, magari ya kukokotwa na ng'ombe. Walitumia filamu pana ya milimita 70, teknolojia mpya waliyoipa jina la Grandeur. Jina la Morrison likaonekana halifai kubandikwa ukutani. Walsh akapendekeza Anthony Wayne, jenerali wa vita vya uhuru wa Marekani. Wakubwa wa studio wakasema Anthony linasikika kama la Mtaliano, wakaweka John. Mwenye kubatizwa hakuwapo kwenye kikao.

Filamu ikaanguka. Sababu kubwa haikuwa kijana. Wenye majumba ya sinema walikuwa ndio kwanza wamemaliza kununua mitambo ya sauti, mdororo wa uchumi umeanza, na hakuna aliyekuwa tayari kununua projekta nyingine tena kwa ajili ya milimita 70. Majumba mawili tu ndiyo yaliyoweza kuionyesha kwa upana wake. Lakini hasara ikitokea lazima apatikane wa kubebeshwa, na mbebeshwaji rahisi ni yule asiye na jina. Fox wakamwachia.

Miaka mitatu iliyofuata alikuwa mtu wa kuokoteza. Columbia walimpa vijukumu vya hapa na pale. Kampuni ya Mascot ilimweka katika filamu tatu za mfululizo, zile za kila sehemu kuishia shujaa akiwa anadondoka jabalini ili watoto warudi Jumamosi ijayo. Warner Brothers walimpa filamu sita za makauboi zenye ujanja wa aina yake: walikuwa na akiba ya filamu bubu za Ken Maynard, zenye misafara na mbio za farasi zilizogharimu pesa nyingi, wakawa wanazikatakata na kuzichomeka humu. Wayne alitakiwa avae nguo zinazofanana na za Maynard na apande farasi mweupe, ili yule anayeonekana kwa mbali akiruka korongo adhaniwe ni yeye. Kwa karibu Wayne, kwa mbali Maynard. Ukiipata mojawapo ya filamu hizo, tazama mawingu: yanabadilika ghafla kila farasi wanapoanza kukimbia.

Ndipo mwaka 1933 mtayarishaji Paul Malvern alipomchukua kwa ajili ya kampuni yake, Lone Star, iliyosambaza filamu kupitia Monogram. Kati ya mwaka huo na 1935 walitengeneza filamu 16. Riders of Destiny ndiyo ya kwanza.

Hapa inabidi nieleze kidogo jinsi biashara hii ilivyokwenda, maana bila hesabu hizi filamu yenyewe haieleweki. Mdororo ulipopunguza watazamaji, wenye majumba ya sinema walianza kuwavuta kwa picha mbili kwa tiketi moja. Picha ya kwanza ni ile yenye majina makubwa, na studio ilichukua asilimia ya mapato yake. Ya pili ilikuwa ya kujazia, na ilikodishwa kwa bei moja isiyobadilika, ukumbi ujae usijae. Mtayarishaji wa picha ya pili alijua mapema, karibu mpaka senti ya mwisho, atakachoingiza. Filamu ikiwa nzuri mno hakuongezewa kitu. Ikiwa mbovu mno alipoteza wateja. Faida yake yote ilitoka sehemu moja tu, kwenye kubana matumizi. Kiasi kinachotajwa mara nyingi kwa filamu za Lone Star ni kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa filamu nzima, kuanzia mshahara wa steringi hadi nyasi za farasi, na upigaji picha ulimalizika ndani ya wiki moja au pungufu.

Kampuni za namna hii zilibanana katika kipande cha Hollywood kilichobatizwa Poverty Row, mtaa wa makabwela, kuzunguka barabara ya Gower. Pale kwenye kona ya Gower na Sunset walikuwa wakijikusanya makauboi halisi, wanaume waliopoteza kazi za ranchi, wamevaa kofia na buti zao wenyewe, wakisubiri kuitwa. Aliyekuja na farasi wake alikuwa na bahati zaidi. Ukiwaona wahuni wanaomfuata adui mkuu katika filamu hizi, jinsi wanavyokaa juu ya tandiko bila kufikiri, unawaona watu hao. Waigizaji waliosomea jukwaani hawakai hivyo.

Ubahili unaonekana kila mahali katika Riders of Destiny, na mara nyingine unaisaidia. Hakuna muziki wa kusindikiza, kwa sababu muziki una gharama. Mtu anapanda farasi na unachosikia ni kwato, upepo, na mlio wa hatamu. Mtazamaji wa leo, aliyezoeshwa kuambiwa na vinanda lini aogope, anaweza kudhani kopi yake ina kasoro. Mbio za farasi ni ndefu kuliko hadithi inavyohitaji, kwa kuwa farasi akikimbia dakika tatu huwa amejaza dakika tatu na hakuna mtu aliyelipwa kukariri maneno. Vyumba ni vichache na vina giza pembeni. Nje, hata hivyo, kuna jua la California ambalo halina ankara, na mpiga picha Archie Stout alijua kulitumia. Usimdharau Stout. Karibu miaka 20 baadaye alishiriki tuzo ya Oscar kwa kazi yake katika The Quiet Man, filamu ya Ford yenye steringi huyu huyu.

Hadithi ni ya maji. James Kincaid, anayeigizwa na Forrest Taylor, amehodhi maji ya bonde zima na anataka wakulima watie saini mikataba ya kuyanunua kwa bei ya kuwamaliza, ili wakishindwa auziwe mashamba. Amebaki mzee mmoja, Charlie Denton, mwenye kisima chake. Mzee huyo ni George Hayes, ambaye miaka michache baadaye angejulikana Marekani nzima kama Gabby, kibabu wa pembeni mwenye ndevu na maneno mengi. Binti yake, Fay, ni Cecilia Parker, na si binti wa kukaa kusubiri kuokolewa: tunapokutana naye anavamia gari la farasi la abiria kwa bastola, kurudisha pesa ambazo Kincaid ameidhulumu familia yake. Ndipo anapokutana na mpita njia mwenye gitaa, Singin' Sandy Saunders, yaani Wayne.

Sandy anajifanya mwenye kukodishika. Kincaid, aliyeona mikono ya Morgan ilivyoharibiwa, anamtaka upande wake. Sandy anamshauri alipue kisima cha Denton kwa baruti ili wakulima wasiwe na pa kukimbilia. Kincaid anaona ni wazo zuri. Asichojua ni kwamba Sandy ni wakala wa serikali aliyetumwa kutoka Washington baada ya wakulima kulalamika, na kwamba chini ya kisima kile kuna mto unaopita ardhini. Baruti inapasua mwamba, maji yanafurika bondeni, na mwenye uchu wa maji anakufa maji. Kazi ya mwandishi wa dakika 53 haiwezi kuwa nadhifu kuliko hapo.

Watazamaji wa California mwaka 1933 hawakuhitaji kuelezwa maana ya hadithi hiyo. Miaka 20 kabla yake, Novemba 1913, Los Angeles ilifungua mfereji mrefu wa kuleta maji kutoka bonde la Owens, baada ya kununua ardhi na haki za maji za wakulima wa kule kwa njia ambazo zinabishaniwa mpaka leo. Bonde lilipoanza kukauka, baadhi ya wakulima waliulipua mfereji kwa baruti, zaidi ya mara moja, katika miaka ya 1920. Machi 1928 bwawa la St. Francis, sehemu ya mfumo huo huo, lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 400. Mfereji ule ulipita katika bonde la Antelope, na mwaka mmoja tu baada ya maji kuanza kutiririka humo kuelekea mjini, Clyde Morrison alifika hapo kulima mahindi bila mvua. Sidhani kama mtu yeyote kwenye seti alikaa chini kufikiria hayo. Lakini siwezi kumtazama mwana wa Clyde akifungulia wakulima mto na nisiyakumbuke.

Na kuna hilo la Washington. Rais Roosevelt alikuwa ameapishwa Machi mwaka huo huo, na nchi nzima ilikuwa inaangalia mji mkuu kuona kama kuna msaada wowote utakaotoka huko. Kauboi wa filamu za zamani alikuwa mtu wa peke yake asiyetumwa na yeyote. Huyu ametumwa na serikali, na serikali inashinda. Baadaye Wayne mwenyewe akawa mhafidhina mkubwa, mtu wa kuituhumu Washington kwa kila kitu, kwa hiyo ina ladha yake kumwona kijana akila mkate wa sera za Roosevelt.

Sasa tuje kwenye kiungo kilichokubali. Miongoni mwa wahuni wa Kincaid yumo mtu anayeitwa Yakima Canutt. Alizaliwa mwaka 1895 katika jimbo la Washington, alikuwa bingwa wa mashindano ya kupanda farasi wakali, na alipoingia kwenye filamu akawa mtu wa kuanguka, kuruka na kuburuzwa badala ya waigizaji. Yeye na Wayne walikuwa wamekutana mwaka 1932 kwa Mascot. Katika filamu za Lone Star, Canutt alifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anaigiza mhuni, kisha anavaa nguo za steringi na kuruka kwa niaba yake. Mara nyingine, kwa ujanja wa kukata picha, alikuwa anajifukuza mwenyewe.

Kabla ya hapo mapigano ya ngumi katika sinema yalikuwa ya kuchekesha. Waigizaji walipigana mabegani na kifuani kwa woga wa kuumizana, au walirusha ngumi hewani na kila mtu akaona pengo. Wayne, Canutt na mwongozaji Robert Bradbury walikaa wakachemsha bongo. Dawa waliyoipata ni ya mahali pa kusimama. Kamera iwe nyuma ya bega la mmoja, ngumi ipite mbele ya uso wa mwenzake bila kuugusa, na anayepigwa arushe kichwa nyuma wakati ule ule ngumi inapokatiza mbele ya kidevu. Kwa kuwa kamera haina macho mawili, haiwezi kupima umbali kati ya ngumi na shavu. Mshindo unaongezwa baadaye. Hakuna aliyeumia, na mtazamaji anashika taya lake mwenyewe. Mbinu hiyo iliiva ndani ya filamu hizi za bei poa, na leo karibu kila ngumi unayoiona kwenye filamu, iwe ya Hollywood, ya Mumbai au ya Bongo, inarushwa kwa kanuni hiyo. Walihitaji kupiga picha za mapigano haraka bila kumvunja mwigizaji taya, kwa sababu hakukuwa na siku ya ziada ya kumsubiri apone.

Wayne hakuchukua ngumi peke yake kwa Canutt. Alimsoma mtu mzima. Canutt alikuwa kauboi wa kweli, na alipokasirika hakupandisha sauti, aliishusha. Alizungumza polepole, akikata sentensi katikati na kuacha kimya kabla ya kuimalizia. Alitembea kwa kuyumbisha nyonga, mtu aliyeshinda juu ya farasi. Wayne mwenyewe alikiri baadaye kwamba mwendo na usemi wake aliuiga huko. Katika The Big Trail kijana yule anapayuka, mikono haijui iende wapi, kila sentensi anaitoa kwa nguvu moja. Katika Riders of Destiny bado anakwaa mara kwa mara, lakini kuna nyakati anatulia na kumwacha mwenzake aongee, na ghafla chumba kizima kinakuwa chake.

Sifa hizo zisitufanye tuwasahau waliolipa. Ili farasi aanguke vizuri mbele ya kamera, enzi hizo watu walimfunga waya miguuni, ukikazika akiwa mbioni anapinduka. Canutt alikuwa fundi wa mitego hiyo, na alisema yeye aliifanya kwa uangalifu bila kuua. Wengine hawakuwa na uangalifu huo. Farasi wengi walivunjika katika filamu za miaka ya 1930, mpaka malalamiko ya umma yakasababisha wasimamizi wa haki za wanyama kuingia kwenye seti za Hollywood mwaka 1940.

Kiungo kilichokataa ni sauti ya kuimba. Sauti iliyo katika filamu kwa kawaida hutajwa kuwa ya Bill Bradbury, mtoto wa mwongozaji. Pacha wa Bill alikuwa Bob Steele, naye nyota wa filamu za makauboi, ambaye alisoma Glendale na Wayne. Kwa hiyo mwongozaji alikuwa anamwelekeza rafiki wa utotoni wa mwanawe mmoja achezeshe midomo kwa sauti ya mwanawe mwingine. Bajeti ya ukoo.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Sauti ilikuwa imeingia kwenye sinema, redio ilikuwa imejaa nyimbo za magharibi, na Monogram walikuwa miongoni mwa wa kwanza kubahatisha kwamba kauboi mwimbaji anaweza kuuza. Walikuwa sahihi, walikosea mtu tu. Wayne alipokwenda kwenye majumba ya sinema kujitambulisha kwa mashabiki, watoto walimtaka aimbe, na hakuwa na cha kuwapa. Aliona haya, akawa anachukia jambo lile kwa dhati. Walimchezesha midomo tena katika The Man from Utah mwaka 1934, na hata mwaka uliofuata katika Westward Ho, kisha akasema basi.

Mwaka 1935 Monogram, Mascot na makampuni mengine madogo yakaunganishwa na Herbert Yates kuwa Republic. Republic wakawa na Wayne asiyetaka kuimba, na wakawa pia na kijana wa redio kutoka Texas, Gene Autry, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1907, mfupi kuliko Wayne, asiye hodari wa kupigana, lakini nyimbo zilimtoka bila jasho. Wakampa Autry gitaa. Filamu yake ndefu ya kwanza kama steringi, Tumbling Tumbleweeds, ilitoka mwaka huo huo, na baada ya muda mfupi Autry akawa anaingiza pesa kuliko Wayne kwa mbali. Kwa miaka kadhaa Wayne alikuwa nyota wa pili katika kampuni ya watu wa pili.

Lakini tazama alichobaki nacho alipoliweka gitaa chini. Rudi kwenye ile barabara ya vumbi, ondoa wimbo, acha mwendo. Mtu mrefu anakuja katikati ya barabara bila haraka na bila neno, na anayemsubiri anaanza kutoka jasho. Hicho ndicho alichokiuza kwa miaka 40 iliyofuata. Bradbury aliweka wimbo pale kwa sababu aliamini kimya hakitoshi kumtisha mtazamaji. Steringi wake alikuja kuthibitisha kwamba kinatosha.

Ford alipomwita mwaka 1938 kuigiza Ringo Kid katika Stagecoach, hakuwa anamwokota mgeni. Alichukua mtu mwenye makumi ya filamu mgongoni, anayejua apige ngumi akiwa amesimama wapi, anayejua kunyamaza. Wayne akamleta na Canutt, na yule anayeruka kutoka farasi hadi farasi mbele ya gari linalokimbia, kisha anaanguka katikati ya kwato na gari likampitia juu, ni Canutt. Watu walishangaa wakidhani wameona kitu kipya. Watoto wa picha mbili kwa tiketi moja walikuwa wamezoea.

Wasomaji wa Arusha wana picha yao ya John Wayne. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961 alikuwa Tanganyika na mwongozaji Howard Hawks wakipiga filamu ya Hatari!, akiwa amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari huku akimtegea faru kitanzi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo waigizaji waliifanya wenyewe. Wazee wa Momella, huko huko Arusha, wana haki ya kujivunia hilo. Wana haki pia ya kujua kwamba mtu huyo huyo, katika mahojiano yake na jarida la Playboy mwaka 1971, alitamka maneno ya ubaguzi wa wazi juu ya watu Weusi na wenyeji wa asili wa Marekani. Sioni sababu ya kuchagua moja na kuficha jingine.

Je, Riders of Destiny ni filamu nzuri? Hapana. Adui ni wa kawaida, vichekesho vya Al St. John na Heinie Conklin vimechacha, na mapenzi ya Sandy na Fay yanakuja kwa sababu dakika zimekwisha. Inafaa kutazamwa kwa ajili ya mtu mmoja anayejifunza kazi mbele yako. Hakimiliki yake ilishaisha, kwa hiyo inapatikana bure kwenye intaneti. Itazame kwanza, halafu Stagecoach, usiku huo huo kama una nafasi. Ila uwe makini na kopi: miaka ya 1980 baadhi ya wauzaji waliziongezea filamu hizi muziki wa kinanda cha umeme, na wengine wamezipaka rangi. Ukisikia kinanda farasi anapotokea, funga hiyo utafute nyingine.